Tuachieni baraza la Uhindini

Mama yangu hajawahi kuliita jengo lile kwa jina la mwenye nyumba. Kwake ni "pale tulipopanga foleni ya sukari". Mimi nalijua kwa viatu vya mtumba vya shule, na mwanangu analijua kwa kava za simu. Jengo ni hilohilo, Uhindini, Mbeya: bati lenye kutu, nguzo nne, kizingiti cha mbao kilicholika katikati kama jiwe la kunolea visu. Ukiinua macho utaona ndoano nene kwenye boriti. Wazee wanasema ndipo uliponing'inia mzani.

Mji huu ulianza 1927, dhahabu ya Lupa ikivuta watu. Mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, chombo cha serikali cha kuyasimamia. Ukaja mgawo wa bidhaa, ikaja mitumba, sasa ni fremu. Sina ugomvi na hilo.

Ugomvi wangu ni baraza, pale mbele ya duka penye nguzo na bati. Kila mpangaji mpya anataka kuliziba kwa vioo na alumini apate fremu mbili zaidi. Hesabu yake naielewa, kodi ya miezi sita si mchezo. Lakini baraza lile ndiyo ofisi ya fundi cherehani. Tena mvua ikishuka kutoka mlima Loleza, nusu ya mtaa iko chini ya bati lile: wauza maparachichi na beseni zao, wanafunzi, sote. "Dada, sogea kidogo, umekanyaga kitambaa cha mteja," fundi aliniambia wiki iliyopita.

Msiniambie habari za Sheria ya Mambo ya Kale. Ile ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1886. Mengine mpaka waziri ayatangaze. Kwa kipimo hicho Mbeya nzima ni mtoto. Wala sitaki makumbusho kama Boma la Iringa. Duka na liuze. Jiji ndilo linalotoa vibali vya ujenzi, basi liongeze mstari mmoja tu: ndani vunja upendavyo, baraza lisizibwe.

Jengo la jirani limeshazibwa. Fundi wake anashonea nje, chini ya mwavuli uliopasuka. Juzi mvua ilipoanza, aliifunika cherehani kwa nailoni, akaja kusimama kwetu.