Bunduki ya Polisi wa Akiba: Nani Anaihesabu?

Kila mifugo inapoporwa Baringo au Samburu, swali lilelile hurudi jijini Nairobi: je, ni busara kumkabidhi mfugaji bunduki ya serikali na kumwita polisi wa akiba? Watetezi wa haki za binadamu hujibu kwamba si busara, nao wana sababu nzito. Wanavijiji husema kwamba bila bunduki hiyo hawalali, na kauli yao huchukuliwa kama ya watu wasiojua maana ya mageuzi ya polisi. Kwa maoni yangu wanayajua vyema, pengine kuliko wanaowahurumia.

Polisi wa akiba walianzishwa mwaka 1948, enzi za ukoloni, na sheria ya polisi ya mwaka 2011 ikawabakisha. Kwa miaka mingi walijitolea bila mshahara. Mwaka 2019 serikali iliwapokonya silaha kwa madai kwamba baadhi yao walikuwa wakizitumia vibaya. Uvamizi haukukoma, kufikia Februari 2023 wanajeshi walitumwa kuungana na polisi katika kaunti za Turkana, Pokot Magharibi, Baringo, Elgeyo Marakwet, Laikipia na Samburu, na polisi wa akiba wakasajiliwa upya.

Wizi wa mifugo haungoji. Kundi lililoswagwa usiku wa manane, kufikia alfajiri huwa limeshavuka bonde na kugawanywa mafungu, na jua likipanda upepo huwa umefuta nusu ya nyayo. Afisa aliyehamishiwa huko mwezi uliopita huona vumbi na miiba tu. Polisi wa akiba huchutama, akatazama ukingo wa alama ya kwato, akasema kama ng'ombe walipita kabla ya umande au baada yake, na ni kisima kipi watalazimika kunyweshwa kabla ya jioni. Ujuzi huo haupatikani katika chuo cha polisi cha Kiganjo, na hakuna gari la kivita linaloweza kuufidia.

Kuna jambo jingine ambalo wapinzani wa mpango huu hulipita haraka mno. Katika vijiji vingi vya ukanda huo, bunduki ya polisi wa akiba ndiyo bunduki pekee ambayo nambari yake imeandikwa katika daftari la serikali. Zile zilizofichwa milimani hazina daftari. Kwa hiyo serikali ilipokusanya silaha mwaka 2019, ilianza na zile ilizoweza kuzihesabu, na aliyezisalimisha alikuwa ni yule aliyekubali kuhesabiwa tangu mwanzo. Mzee anayelalamikia hatua hiyo hatetei ukiukaji wa sheria. Analalamika kwamba sheria ilimwadhibu aliyekuwa karibu nayo.

Hata hivyo, hoja ya upande wa pili haiwezi kupuuzwa. Polisi wa kawaida akikosea huweza kuhamishwa. Polisi wa akiba huzika wafu wa ukoo wake mwenyewe, na ng'ombe anaowafuata huenda ni wa baba yake. Anapovuka mto kuwaandama wezi, huwa ni afisa wa dola na vilevile ni mlalamishi. Novemba 2012, katika bonde la Suguta karibu na Baragoi, zaidi ya polisi 40, wakiwamo polisi wa akiba, waliuawa walipokuwa wakifuatilia mifugo iliyoibwa. Tukio hilo hunirudia kila ninapofikiria suala hili, kwa sababu kila upande hulichukua kama ushahidi wake. Wapo wanaosema kwamba maafisa wachanga walipelekwa mahali wasipopajua. Wengine husema kwamba dola, kwa kuandamana na wenyeji wenye silaha, ilionekana imechagua upande katika ugomvi wa jamii mbili. Nadhani wote wanasema kweli, na kwamba wanachokielezea ni kasoro moja: kuwapeleka watu wenye bunduki uwanjani bila mtu wa kuwajibika juu yao.

Hapo ndipo usimamizi wa polisi unapopwaya mashambani. Tume ya Waki iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 iliorodhesha vifo 1,133, na kati ya hivyo 405 vilitokana na risasi. Kutokana na aibu hiyo, miongoni mwa mambo mengine, ikazaliwa IPOA, mamlaka huru ya kutathmini utendakazi wa polisi. Sheria inataka matumizi yoyote ya bunduki yaripotiwe kwa mkuu wa afisa husika, na yakisababisha kifo au jeraha baya, mkuu huyo aijulishe IPOA. Utaratibu huu ni mzuri mahali penye barabara, mtandao wa simu na daktari. Kijijini, mlolongo wote humtegemea mkuu wa kituo, ambaye ndiye aliyegawa risasi na ndiye anayetarajiwa kueleza zilikokwenda.

Mchukue mwanamke aliyepigwa na afisa. Ili kesi yake isimame anahitaji fomu ya P3, inayothibitisha majeraha, ijazwe na daktari, na fomu hiyo hutolewa kituo cha polisi, baada ya lalamishi kuandikwa katika kitabu cha matukio. Akiwa Nairobi anaweza kwenda kituo kingine, au akapanda matatu hadi ofisi za IPOA. Akiwa mpakani mwa Baringo na Turkana, kituo ni hicho kimoja, na huenda anayeshika kalamu mezani ndiye aliyempiga.

Mnamo 2011 Bunge lilikuwa limefikiria dawa. Kifungu cha 41 cha sheria ya polisi kiliunda Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, chini ya uenyekiti wa gavana, yenye wawakilishi wa wanawake, vijana, dini na wafanyabiashara. Katika kaunti nyingi chombo hicho kimebaki karatasini, huku serikali kuu na magavana wakivutana juu ya nani anapaswa kushika usukani wa usalama. Kingalifanya kazi, kingaliweza kuanza na jambo dogo sana: kuhesabu risasi za kila polisi wa akiba mwezi kwa mwezi, hadharani, katika baraza la chifu, na kumtaka anayerudisha pungufu aeleze alipozifyatua. Wanakijiji wanajua tayari ni nani aliye na bunduki gani. Kinachokosekana ni mahali pa kulisema hilo bila kuogopa. Na baraza hilo lisiwe la jamii moja. Majirani wa ng'ambo ya mto, ambao ndio bunduki hizo huelekea kwao, wanapaswa kuwapo hesabu inaposomwa.