Back in Black: AC/DC Waliharakisha Kumuaga Bon Scott?

Albamu ya Back in Black ya AC/DC, bendi ya roki ya Australia, inafunguliwa na kengele. Inalia polepole, peke yake, ndipo gitaa la Angus Young linapoingia kwa chini kama mtu anayenyata. Kengele hiyo ilisubiwa Loughborough, Uingereza, na ililizwa kwa ajili ya Bon Scott, mwimbaji wa bendi, aliyefariki London tarehe 19 Februari 1980 akiwa na miaka 33, baada ya usiku wa ulevi.

Albamu ilitoka tarehe 25 Julai mwaka huohuo. Ndani ya miezi mitano bendi ilimuaga mwenzao, ikampata mwimbaji mpya, Brian Johnson, ikaenda Bahamas na kurekodi nyimbo 10 chini ya prodyuza Mutt Lange. Kuna mashabiki ambao hadi leo hawajaisamehe haraka hiyo, na siwezi kuwapuuza. Wimbo wa Have a Drink on Me unamkaribisha msikilizaji kunywa, wakati pombe ndiyo iliyomwondoa Bon juzi tu. Kila nikiusikia, unanichoma. Kuhusu madai kwamba mashairi yalitoka kwenye daftari za marehemu, bendi imekana, na nyimbo zote zimeandikwa kwa majina ya Johnson na ndugu wawili, Angus na Malcolm Young. Tuhuma nzito hivyo haiwezi kusimama kwa kulinganisha mistari peke yake.

Lakini tazama jalada. Ni jeusi tupu, kwa sababu bendi ilitaka liwe alama ya msiba. Kampuni yao ya rekodi, Atlantic, haikulipenda. Ilikubali kwa sharti kwamba jina la bendi lizungushiwe mstari wa kijivu ili lisomeke. Mtu aliyekwisha kusahau msiba hagombani na kampuni kwa ajili ya rangi. Johnson naye hakujaribu kuiga sauti ya Bon, na Angus amesimulia kuwa Bon mwenyewe aliwahi kumsifu baada ya kumwona jukwaani. Kwangu mimi, ndugu hao waliomboleza kwa kazi, maana kazi ndiyo waliyoijua.

Lawama yangu naipeleka kwingine. Back in Black ilifika nafasi ya 4 Marekani, na baadaye ikapita nakala milioni 25 nchini humo pekee. Atlantic ilipoona fedha zinaingia, mwaka 1981 ilitoa Dirty Deeds Done Dirt Cheap, albamu ya 1976 ambayo ilikuwa imekataa kuitoa Marekani Bon akiwa hai. Ikapanda hadi nafasi ya 3. Johnson alikuwa bado anajijengea jina kwa Wamarekani, na madukani kulikuwa na albamu “mpya” ya bendi yake, yenye sauti ya mtu aliyekwisha kufa.