Kabla ya Kufungua Klachi, Shika Kebo

Kupanda kutoka mjini Nakuru kuelekea Milimani na skuta ya Vespa inayonguruma lakini haisongi kunavunja moyo. Hilo lilinipata kwa Vespa aina ya PX niliyorithi kwa baba. Fundi wa kwanza alisema sahani za klachi zimeisha. Akafungua, akaweka mpya, nikalipa. Siku ya tatu mlima ukanishinda tena, na kosa likaonekana: kebo ilikuwa imekazwa mno. Hata nikiachilia mkono kabisa, bado ilivuta klachi kidogo, kwa hivyo sahani zilikuwa zinateleza na kuungua.

Huku kwetu tumezoea kuona kukaza ndiko kutengeneza, na ninapinga hilo kwa moyo wote. Kebo ya klachi inataka nafasi. Mkono wa klachi ucheze kama milimita 2 kabla ya kuanza kuvuta. Ukilegeza kupita hapo, gia zitakwaruza na skuta itataka kusonga mbele ukiwa umebana klachi. Nati ya kurekebishia iko chini, upande wa injini. Ni kazi ya dakika chache, na ndiyo ingetangulia kabla ya mtu kugusa boliti nyingine yoyote.

Kebo za gia ni mbili, moja inavuta kwenda na nyingine kurudi. Weka nyutro, ambayo iko kati ya gia ya 1 na ya 2, linganisha alama iliyo kwenye mshiko wa usukani unaopindishwa kubadilisha gia, kisha funga zote mbili zikiwa zimenyooka bila kushindana. Fundi akiikaza moja kwa nguvu ndipo aitafute nyingine, gia hazitalingana na alama hata ukipindisha mshiko vipi.

Kebo ya petroli, ile ya kuongeza mwendo, ndiyo huniogopesha zaidi. Injini ikiwa imewaka katika nyutro, geuza usukani kulia hadi mwisho, kisha kushoto. Mlio ukipanda wenyewe, kebo ni fupi au imebanwa mahali, na skuta hiyo isiingie barabarani. Kumbuka pia kwamba injini ya Vespa hupanda na kushuka pamoja na gurudumu la nyuma, kwa hivyo waya zote huko chini zinahitaji urefu wa kufuata.

Waya mpya ndani ya ganda lenye kutu ni kupoteza pesa bure, hasa na vumbi letu hili. Ukibadilisha ganda, usichomoe la zamani kwanza: liunganishe na jipya, ulivute lipite ndani ya bodi, la sivyo utashinda kutwa ukitafuta njia.

Waya huanza kukatika pale kwenye kichwa chake, mkononi, uzi mmoja mmoja. Napachunguza kila Jumamosi. Nikiona uzi umechomoza nabadilisha siku hiyo hiyo, maana waya ya akiba iko kwenye sanduku la mbele pamoja na spana yake.