Mwanafunzi mwenye mvi

Mara ya kwanza kurudi darasani nikiwa mtu mzima nilikuwa bado nyumbani Tanzania. Nilikuwa nimetengeneza majokofu miaka tisa bila cheti. Mkufunzi akauliza ni nani anajua kinachounguza kompresa, ile pampu inayosukuma gesi kwenye jokofu. Nikanyoosha mkono, nikaeleza kwa lugha yetu ya mafundi. Akanitazama, kisha akawageukia vijana waliomaliza kidato cha nne juzi tu: "Mnasikia? Hivyo ndivyo fundi kanjanja anavyozungumza." Darasa zima likacheka. Muhula niliumaliza kwa kuwa ada ilikuwa imeshalipwa, ila mkono sikuunyoosha tena hadi siku ya mwisho.

Mara ya pili ilikuwa huku Marekani, kozi ya jioni ya viyoyozi na majokofu kwenye chuo cha ufundi cha binafsi. Mkufunzi alikuwa mzee asiyependa maneno mengi. Usiku wa kwanza kitabu hakukigusa. Alituzungusha kwenye mtambo unaonguruma, akataka kila mmoja ashike bomba la kurudi kwenye kompresa na kusema mkono wake umemwambia nini. Nilipofikiwa nikasema bomba lina baridi na linatoa jasho, kwa hiyo gesi ipo, sina shaka nayo sana. Akauliza, "Na mkono wako unaweza kutofautisha nyuzi tano na nyuzi kumi?" Nikacheka mwenyewe. Hauwezi. Hapo ndipo alipotoa geji ya kupimia mgandamizo wa gesi na kipimajoto, akatufundisha kupima tofauti kati ya joto la lile bomba na joto ambalo gesi inachemkia ndani. Ikiwa ndogo mno, gesi ya majimaji inaweza kurudi hadi kwenye kompresa na kuivunja. Jambo hilo nilikuwa nimelishuhudia miaka tisa bila kujua jina lake.

Siku hizi nami nafundisha jioni, nina darasa la watu wenye mvi, wenye wajukuu, wenye zamu za usiku. Wakufunzi wenzangu wa huku, na hata wa nyumbani ninaozungumza nao kwa simu, hunilalamikia kwamba wanafunzi watu wazima hawana ari. Huwa nawauliza: mtu ametoka kazini saa kumi jioni, mtoto amemwachia jirani, amekuja kukaa kwenye kiti kigumu hadi saa nne usiku. Ari gani nyingine mnaitaka? Kama mwezi wa kwanza alikuwa nayo na wa tatu hana, kuna mtu ameimaliza, na mara nyingi mtu huyo ndiye anayeshika chaki.

Kinachoimaliza haraka kuliko vyote ni aibu. Mtoto akikosea mbele ya wenzake, kesho amesahau. Mtu mzima ana heshima ameijenga kwa miaka: ni baba wa watu, kazini anasimamia vijana, pengine kanisani au msikitini anasikilizwa. Jioni moja ya kuchekwa inaitikisa yote. Ndiyo maana huikinga kwa njia ambazo mkufunzi asiyezijua huziita uvivu. Kuna anayetania kila unapomwuliza swali. Kuna anayeshika simu wakati wa hesabu tu, wakati mwingine wowote haishiki. Kuna mwanafunzi wangu mmoja, dereva wa lori wa zamani, ambaye kila nilipogawa karatasi alikuwa amesahau miwani. Wiki ya nne nikaelewa kwamba miwani haihusiki. Kusoma kulikuwa kunamshinda, na alikuwa ameificha siri hiyo tangu ujana. Tangu siku ile simwombi mtu yeyote asome kwa sauti bila kumwambia siku moja kabla, na maswali ya darasani nayatupa kwa wawili wawili, wajadiliane kwanza, ili jibu likikosewa liwe la watu wawili.

La kuchekesha ni kwamba mafundisho haya nyumbani tunayo ya zamani. Mwaka 1970 Tanzania iliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio, kusoma na kujadiliana. Mwaka 1967 takriban watu wazima 67 katika kila 100 walikuwa hawajui kusoma na kuandika. Kufikia 1986 walikuwa wamebaki kama 10. Mwalimu Nyerere, akizungumza Dar es Salaam mwaka 1976 kwenye mkutano wa kimataifa wa elimu ya watu wazima, alieleza kwamba anayemfundisha mtu mzima aanze kwa kuchota kutoka kwake yale anayoyajua tayari, kisha amwonyeshe yanavyohusiana na jipya. Kwa njia hiyo mwanafunzi hujiamini, huona kuwa uzoefu wake ni njia ya kujifunza, na wote wawili hugundua kuwa kila mmoja ana la kumpa mwenzake. Sidhani kama yule mzee wa bomba la kurudi alikuwa amewahi kusikia jina la Nyerere. Na yule aliyeniita kanjanja bila shaka alikuwa na picha ya Nyerere ukutani.

Msinielewe kwamba huku ni peponi. Huku kuna ugonjwa wa sifa za bure. Kila kitu ni "kazi nzuri sana", hata kama bomba la shaba limekunjwa likapasuka. Mtu mzima si mjinga, anajua bomba lake limepasuka. Ukimsifia, anahitimisha moja kati ya mawili: ama hujui kazi, ama umeshamkatia tamaa. Halafu mtihani hausifii mtu. Sheria ya Marekani inamtaka fundi anayefungua mtambo wa gesi za kupozea awe na cheti kilichoidhinishwa na wakala wa serikali wa mazingira. Mtihani wake una sehemu ya msingi na sehemu tatu za aina za mitambo, kila moja maswali 25, na anayepata chini ya 18 hajafaulu sehemu hiyo. Nimeona mwanafunzi aliyesifiwa miezi sita akilia kwenye maegesho kwa kupata 14. Nilivyofundishwa na mafundi wa nyumbani ni kwamba kazi mbovu inaitwa mbovu. Hilo nimekuja nalo na silitupi. Nililoacha ni kumwita mtu mwenyewe mbovu.

Tena huku mwanafunzi ana sababu ya kukushuku kabla hujafungua mdomo. Vyuo vikubwa vya binafsi vya Corinthian vilifunga milango mwaka 2015, ITT Technical Institute ikafuata mwaka 2016, na maelfu ya watu wakabaki na mikopo bila cheti walichokuwa wakikitafuta. Darasani kwangu wamo wenye ndugu waliopitia hayo. Akiuliza kwa mkazo somo hili litamsaidia nini kazini, wengine humwona mbishi. Mimi namjibu palepale, kwa mfano wa kazi halisi, na kama sina jibu najiuliza kwa nini nalifundisha.

Kuhusu muda sina mengi ya kusema. Zamu zikibadilishwa, mtu hakosi somo kwa kupenda. Rekodi maelezo, mpe nafasi ya kufanya vitendo Jumamosi, basi. Mkufunzi anayefunga mlango dakika tano baada ya saa ili "kufundisha nidhamu" anamfundisha nidhamu mtu aliyeamka saa kumi alfajiri.

Ninachokikumbuka sana cha nyumbani ni wenzangu. Darasa lile lile lililonicheka, nilipougua wiki mbili, walikuja wanne hadi nilipokuwa naishi wakiwa na daftari, wakanielezea kila kitu, mmoja akachora saketi kwa mkaa sakafuni. Huku kiti kikibaki kitupu, kinabaki kitupu. Ofisi hutuma barua pepe mbili, kisha jina linafutwa kwenye orodha. Nimejaribu kuiga ya nyumbani: siku ya kwanza nawapanga watatu watatu wanaokaa njia moja au wanaofanana zamu, na asipokuja mmoja, wawili ndio wanaompigia kabla yangu. Haifanyi kazi kila mara. Wengine hawataki kujulikana, na nawaacha.

Na nyumbani nako kuna jambo natamani lingekuwepo zamani zangu. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, siku hizi ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunzia kazi mtaani anapimwa anachoweza, anaelekezwa pale penye upungufu na kupewa cheti. Anaanza kuulizwa mikono yake inajua nini kabla ya kuambiwa hajui nini. Wakufunzi wa nyumbani mnaonisoma, najua madarasa yenu yana watu wengi na vifaa vichache, wala siwezi kujifanya kwamba nafundisha katika hali kama yenu. Ila lile swali la kwanza halihitaji kifaa chochote.

Jumatatu napokea kundi jipya, watu kumi na wanne. Ofisi imenipa orodha yenye majina na namba za simu tu. Leo nimeshawapigia tisa, kuwauliza wanafanya kazi gani na wanatoka saa ngapi. Mama mmoja alinyamaza kidogo, kisha akasema amekuwa mpishi wa hospitali miaka ishirini, na friji kubwa la jikoni likigoma huwa analiamsha yeye. Nimemwomba aje na hadithi hiyo.