Mkataji boriti naye ana hoja

Mnairobi akishuka Gazi, Kwale, hupelekwa kwenye daraja la mbao la kina mama, apite juu ya tope bila kulowa kiatu, apige picha, kisha arudi na hadithi moja: mkoko hulipa ukiachwa umesimama. Ni kweli. Mikoko Pamoja, mradi wa hapo Gazi ulioanza 2013, huuza hati za hewa ya ukaa inayofyonzwa na miti hiyo, takriban tani 3,000 kwa mwaka, na pesa zimeingia kwenye maji na shule. Sina neno nao.

Neno langu ni hesabu. Mradi huo unalinda hekta 117. Mikoko yote ya Kenya ni kama hekta 61,000. Hata hekta moja kwa kila 500 haifiki! Na karibu asilimia 60 ya mikoko hiyo iko Lamu, ambako haijawa ya kutazamwa tu. Huko mti una jina kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Hata upana wa vyumba vya mji wa kale uliamuliwa na urefu wa boriti.

Februari 2018 serikali iliposimamisha ukataji wa miti misituni, mkataji wa Lamu alifungiwa kazi pamoja na wapasua mbao wa bara. Huku kwetu bara tulishangilia, chini ya maghorofa yaliyoinuliwa kwa nguzo za mkaratusi. Aende akatembeze watalii, tukasema. Watalii gani? Baada ya mashambulizi ya 2014 ya Mpeketoni, mji wa huko huko Lamu, walikimbia, na 2020 korona ikawazuia tena. Mwenye kujenga nyumba kisiwani hangoji msimu wa wageni.

Wanaotaka panga liwekwe chini nao hawasemi upuuzi. Mkoko wenyewe si kama mchu, mti mwenzake wa humo humo ambao huchipua tena. Mkoko ukikatwa shina hauchipui. Mkataji huchagua ulionyooka, akaacha uliopinda, na msitu unaonekana mzima kwa mbali kumbe umeishiwa miti mizuri. Samaki na kaa wanaokulia mizizini hawana leseni ya kuonyesha.

Lakini hiyo ni hoja ya kugawa msitu vipande, kimoja kikatwe na vingine vipumzike, na anayekata apande. Sheria ya misitu ya 2016 inaruhusu vyama vya wanajamii kutia saini makubaliano ya namna hiyo na Huduma ya Misitu. Mkataji akae mezani siku ya kuchora mipaka ya vipande, maana mifereji yote anaijua, hata ile ambayo mashua ya mgeni haipiti maji yakitoka.