Matope ya 2022 na mpiga kura asiye na upande

Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi wa urais, pakiti ya unga ya kilo mbili nchini Kenya ilikuwa imepita shilingi 200. Ukienda mkutano wa kampeni kusikia nani ataishusha bei, ulirudi na majina ya kejeli: huku William Ruto ni mwizi, kule Raila Odinga ni kibaraka wa Uhuru Kenyatta, rais wa wakati huo, na mtu wa vitendawili. Nani angemlaumu aliyekuwa hajaamua kwa kuchoka?

Lakini wanaotetea siasa za mashambulizi wana hoja, na nusu yake naikubali. Hakuna mgombea atakayejianika mwenyewe. Kazi hiyo ni ya mpinzani. Julai 28, siku 12 kabla ya kura, Mahakama Kuu iliamuru shilingi milioni 202 za Rigathi Gachagua, mgombea mwenza wa Ruto, zitwaliwe na serikali kama mali iliyopatikana kwa uhalifu. Gachagua alikana, akakata rufaa, na Desemba, akiwa tayari naibu rais, mamlaka iliyomshtaki ikakubali uamuzi ufutwe. Hata hivyo, kambi ya Raila kuitaja hukumu ile wakati ule hakukuwa kupakana matope. Ilikuwa habari yenye jalada mahakamani, na Gachagua mwenyewe alikuwa na nafasi ya kuijibu.

Sasa tazama mdahalo wa wagombea urais wa Julai 26. Raila alisusia, kambi yake ikidai Ruto anakwepa mjadala wa ufisadi na maadili. Ruto akasimama peke yake, akahojiwa kwa takriban dakika 90. Yaani shutuma zilizorushwa kila siku kutoka juu ya magari ya kampeni, mwenye kuzirusha hakuzileta pale ambapo mshutumiwa angemjibu uso kwa uso. Hapo ndipo mimi naona mpiga kura alipunjwa, kuliko kwenye matusi yenyewe. (Matusi Wakenya tumeyazoea, mengine tunayacheza ngoma.)

Waliojitokeza walikuwa karibu asilimia 65 ya waliojiandikisha, kutoka zaidi ya asilimia 77 Agosti 2017. Sitasema matope ndiyo yaliyowafukuza wote; njaa na ahadi hewa pia zimo. Ila Ruto alishinda kwa kura kama 233,000, na waliobaki nyumbani walikaribia milioni nane.