Mzamiaji Ninayetetea Marufuku ya Mitungi Chumbe

Wazamiaji wenzangu hununa nikilisema hili: marufuku ya mitungi ya hewa kwenye hifadhi ya Chumbe ibaki palepale. Mtu ametoka mbali, cheti anacho, anasifiwa matumbawe ya kisiwa kile kilicho kusini ya Mji Mkongwe, kisha anaambiwa atayaona kwa miwani na bomba la kupumulia tu. Hasira zake nazielewa. Ila hana hoja.

Matumbawe yanaishi kwa msaada wa mwani mdogo mno uliomo ndani yake, na mwani huo unataka jua. Ndiyo maana uhondo wa Chumbe uko juu, kwenye mwanga, na anayeelea anauona bila shida. Mtungi hapo wa nini? Utakachoongeza ni mateke. Mzamiaji ambaye bado hajajua kujisawazisha majini hupiga mapezi ovyo, akiona anazama hushika chochote kilicho karibu. Bonge la tumbawe hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka, hebu piga hesabu ya kinachovunjwa kwa dakika moja.

Serikali ya Zanzibar iliufunga mwamba wa matumbawe wa magharibi ya Chumbe kwa uvuvi mwaka 1994. Walinzi wakatoka miongoni mwa wavuvi wa vijiji jirani, na hawabebi silaha: wanamfuata mvuvi ndani ya chombo chake, wanamsalimu, wanamweleza. Na wana la kueleza. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, wakikua baadhi yao hugeuka madume. Ukivua wakubwa kila siku, unaondoa madume na majike yenye mayai mengi kwa mkupuo. Ukiwaacha mahali pamoja wazeeke, mayai huchukuliwa na mkondo hadi nje ya mpaka, kwenye mitego ya mvuvi yuleyule.

Tusidanganyane, marufuku haizuii kila kitu. Mwaka 1998 maji yalipopata joto, matumbawe yalipauka na kufa sehemu nyingi za Bahari ya Hindi, hifadhi kwa zisizo hifadhi. Joto halisomi bango. Ndiyo sababu zaidi ya kutouongezea mwamba majeraha mengine.

Anayetaka kina, bahari ipo. Pemba kuna kuta zinazoshuka hadi macho yashindwe. Mafia, mlango wa Kinasi, unaingia na maji kujaa, mkondo unakupeleka wenyewe mbele ya chewa na samaki aina ya taa, na ukikosea saa za maji utajuta. Huko mtungi una kazi.

Kinachonikera ni Mnemba, kile kisiwa kidogo cha kaskazini mashariki ya Unguja. Asubuhi ya msimu boti zimebanana, na mwanafunzi wa kuzamia, siku yake ya kwanza kabisa, anashushwa juu ya matumbawe yaleyale. Kwa nini asianzie bwawani, au kwenye mchanga mtupu, mpaka mwalimu aone ametulia? Kozi inalipiwa mamia ya dola; saa mbili za ziada haziwezi kumfilisi mwenye biashara. Chumbe hupeleka wanafunzi wa shule za Zanzibar kuutazama mwamba bila malipo, watoto wanaelea wakiwa na miwani tu. Kama mtoto wa darasani anaweza kufundishwa kutogusa, mgeni mwenye kamera ya bei mbaya naye afundishwe, na asiyeweza abaki kwenye boti.